Lukresia Aliyepiga Mwano kwa Simu

Lukresia Maige alikuwa mpiga chapa, na alipenda watu wajue hivyo. Hata baada ya mambo yote nitakayosimulia hapa, mtu akimwita mtaalamu wa hali ya hewa alikuwa anamkatiza palepale: "Mimi ni mpiga chapa, bwana. Hayo mengine nimejifunzia dukani kwangu." Hakusema kwa kujishusha. Alijivunia yote mawili, chapa na hayo mengine, na ukimtazama anavyokaa kwenye kiti chake mgongo wima kama mtu anayepigwa picha, ungejua.

Alizaliwa Ngulyati, katika familia ya Wakatoliki waliolima pamba na mahindi tangu kwa babu. Baba yake aliuza ng'ombe kumpeleka Tabora kusomea uhazili, wakati majirani wakimshangaa mtu anayeuza ng'ombe kwa ajili ya binti. Aliporudi akaajiriwa na chama cha ushirika hapa Bariadi, akakaa pale miaka mingi akichapa barua za mameneja walioletwa na kuhamishwa. Kisha soko huria likaja. Makampuni ya watu binafsi yakashuka na malori yao na mizani yao, mkulima akawa na hiari ya kumuuzia amtakaye, na ushirika ukaanza kukonda. Asubuhi moja wafanyakazi waliitwa uani wakaambiwa kazi imekwisha. Walikuwa wanadai mishahara, na ofisi haikuwa na cha kuwapa, basi kila mmoja akaambiwa achague kitu. Wengine walichukua viti na makabati. Lukresia alichukua mashine ya taipu aliyoizoea, akajitwisha kichwani, akapita nayo katikati ya soko akisalimia watu kushoto na kulia kama anatoka kanisani.

"Watu walidhani naona aibu," aliniambia miaka ile tulipokuwa tunakwenda kuchapiwa kwake mitihani ya shule. "Aibu ya nini? Ile mashine nilikuwa naijua kuliko aliyeitengeneza."

Alipanga chumba karibu na stendi. Wateja wake wa kwanza walikuwa hayohayo makampuni ya pamba, maana nayo yalihitaji mikataba na matangazo. Akaongeza mashine ya fotokopi, kisha kompyuta, na miaka michache baada ya minara ya simu kusimama mjini akapata mshirika wa Mwanza aliyemfungia dishi la setelaiti juu ya bati. Ndipo chumba kile kikawa intaneti. Vijana walikuja kutazama matokeo ya mitihani na timu za Ulaya. Picha moja ilifunguka polepole, mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, mtu akaweza kwenda kununua karanga na kurudi ikiwa haijafika kiunoni.

Miongoni mwa wateja alikuwepo Januarius, mwanafunzi wa chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, aliyekuja wilayani kwetu kufanya utafiti wa malisho. Wakati huo bado tulikuwa mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja baadaye. Kila Jumamosi Januarius alirudi kutoka vijijini na vumbi hadi kwenye nyusi, akakaa kwenye kompyuta ya pembeni. Lukresia alipita nyuma yake siku moja akaona ramani ya nchi yetu imetapakaa alama ndogo nyekundu.

"Hii ni surua?" aliuliza.

Januarius akacheka. "Ni moto, mama. Kila alama ni mahali palipoungua."

"Nani amehesabu?"

"Setelaiti. Inapita juu inapima joto la ardhi. Ikikuta mahali pana joto lisilo la kawaida, inaweka alama. Baada ya saa kadhaa alama inaingia kwenye mtandao, na mtu yeyote anaweza kuiona. Ni bure."

Lukresia akavuta kiti. "Nionyeshe Bariadi."

Januarius akasogeza ramani. Mji ulikuwa jina tu. Upande wa mashariki, mbali kidogo na vijiji, lilianza lile pori la akiba linalopakana na Serengeti, na humo ndani alama zilikuwa nyingi. Lukresia akaweka ukucha wake kwenye kioo, ukingoni mwa pori.

"Hapa kuna ng'ombe wa kaka yangu," alisema.

Kaka huyo aliitwa Nyanda. Yeye hakupenda kalamu. Alipenda ng'ombe, akahamia kijiji cha Mwabalembo, jirani na pori, ambako ardhi ilikuwa bado pana. Kule kila ukoo ulikuwa na ngitili yake. Ngitili ni eneo la nyasi ambalo halilishwi masika yote; linafungwa, linaachwa likue, ili kiangazi kikiwa kikali ng'ombe wapate pa kuingia. Mtu asiye mfugaji akiliona anadhani ni pori lililoachwa. Kumbe ndiyo ghala. Moto ukiingia ngitili mwezi wa nane, hakuna nyasi nyingine mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja, na ng'ombe watakufa mmoja mmoja wamesimama.

Lukresia alijua hayo tangu utotoni. Kwa hiyo hakumwacha Januarius atoke siku ile mpaka amefundishwa. Kijana alimfundisha kwa moyo mweupe, akamwambia pia mapungufu. Alama haimaanishi kwamba moto uko palepale. Unaweza kuwa huku au kule ya alama, hata mwendo wa robo saa kwa miguu. Mawingu yakitanda setelaiti haioni kitu. Na inapita mara chache tu kwa siku, kwa hiyo unachokiona ni habari ya jana au ya asubuhi, si ya sasa hivi.

"Kama barua," Lukresia alisema.

"Kama barua iliyowahi kidogo," Januarius alikubali.

Utafiti wake ulipokwisha akaaga akarudi Morogoro. Lukresia akabaki na ramani. Kila asubuhi kabla ya kufungulia wateja alikaa na chai yake akasubiri picha ishuke mstari kwa mstari. Mara nyingine umeme ulikatika ikiwa nusu, akawasha jenereta akaanza upya.

Mwaka wa kwanza aliharibu. Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, akafungua ramani akakuta vijiji vyote vya mashariki vimezungukwa na alama nyekundu. Akampigia simu Nyanda, akampigia kila mwenye namba aliyemjua kule, akawaambia wahamishe ng'ombe. Watu waliondoka na mifugo yao mchana kutwa kuelekea magharibi, wazee wakibebwa kwenye mikokoteni. Walipofika walikokuwa wanakimbilia wakakuta wakulima wametulia wanaota moto wa maotea.

Maotea ni mabua ya pamba yanayobaki shambani baada ya kuvuna. Serikali inataka yang'olewe na kuchomwa kabla ya msimu mpya ili wadudu wasibaki, na tarehe ya mwisho huwa mwezi ule wa Septemba. Wilaya nzima ilikuwa inachoma mashamba. Setelaiti iliona sawasawa. Aliyekosea ni msomaji.

Nyanda alipiga simu jioni. "Ilumbu," alisema, kwa jina ambalo kwetu kaka na dada wanaitana, "hiyo kompyuta yako imeona watu wanafanya usafi."

Lukresia akapewa jina la Mama Moto. Akipita stendi makondakta walimwuliza leo wakimbilie upande gani. Angeweza kufunga ukurasa ule akarudi kwenye kadi zake za harusi, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Lukresia alikuwa mtu ambaye akikosea herufi moja huchomoa karatasi nzima akaanza upya. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alipanda gari la kwenda Mwabalembo akiwa na ramani aliyoichapa, akaanza kuzunguka kwa miguu kuzitafuta zile alama ardhini.

Elina, mwenye duka la pekee pale kijijini, alikuwa wa kwanza kumwona.

"Mwadila, mayu," Elina alimsalimia kwa Kisukuma, kama anavyosalimiwa mama, akitazama karatasi. "Umepoteza nini?"

"Nimepoteza moto," Lukresia alijibu. "Hapa nyuma ya shule palikuwa na moto Jumanne. Nani alichoma?"

Elina akafikiri. "Shamba la Kristofa. Alichoma maotea."

"Uliwaka muda gani?"

"Hata ugali haukuiva."

Hivyo ndivyo alivyosoma. Msimu ule na uliofuata alikwenda kijijini kila alipopata nafasi, Elina akimsindikiza duka likiwa limefungwa, wakauliza kila nyumba nani alichoma wapi. Pole kwa pole ramani ikaanza kuzungumza lugha anayoielewa. Moto wa maotea ulionekana siku moja ukatoweka, tena palepale walipo watu na mashamba yao. Moto wa porini uliamka kesho yake ukiwa umehama. Alama zake zilijipanga kama ushanga shingoni, na ushanga ukawa unasogea. Akajifunza pia ramani nyingine ya mtandaoni iliyoonyesha upepo kwa mishale midogo, mirefu upepo ukiwa mkali na mifupi ukiwa mtulivu. Watu walipoacha kumcheka hakujua, maana alikuwa ameshaacha kusikiliza.

Mwaka wa tatu mvua zilikuwa nzuri. Pamba ilistawi, mpunga ulistawi, na nyasi za porini zilipita kichwa cha mtu mzima. Kila mtu alifurahi. Lukresia naye alifurahi, ila alimwambia Elina kwenye simu: "Zile nyasi zikikauka, Mungu wangu."

Zilikauka. Asubuhi moja ya mwezi wa nane alifungua ramani, chai mkononi, akaona ushanga. Ulikuwa ndani kabisa ya pori, mrefu, umelala kutoka kaskazini kwenda kusini. Alama za jana mchana zilikuwa nyuma, upande wa mashariki. Za usiku zilikuwa mbele, karibu na vijiji. Akachukua rula akapima pengo lililokuwa kati ya mstari wa kwanza na wa pili. Kisha akapima kutoka mstari wa pili hadi Mwabalembo. Mapengo hayo mawili yalilingana karibu sawa. Akafungua ramani ya upepo. Mishale yote ilitazama magharibi, na ilikuwa mirefu.

Chai aliiacha. Simu ya Nyanda ilikuwa haipatikani. Yeye aliichaji siku za mnada tu. Akampigia Elina, ambaye simu yake ilining'inia kwenye msumari mlangoni mwa duka, mahali pekee ambapo mtandao ulishika.

"Elina, Luhaga yuko wapi?"

Luhaga alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi, pale kijijini. Kule kwetu sungusungu ndio wenye mwano, ule ukelele wa hatari ambao ukipigwa kila mtu mwenye nguvu lazima atoke, na asiyetoka anaulizwa. Zaidi ya Luhaga hakuna aliyeweza kuamsha kijiji kizima kwa pamoja. Elina alikimbia, akamkuta anakamua, akamleta mpaka mlangoni. Luhaga alisimama mahali alipoonyeshwa, sikio limebanwa kwenye simu, asithubutu kusogea mtandao usije ukapotea.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia.

"Mwangaluka, baba. Kuna moto porini. Unakuja kwenu na upepo uko nyuma yake. Ukiendelea hivi utafika leo, mchana au alasiri."

Elina aliniambia kwamba Luhaga alitazama mashariki, akaona anga safi na ukungu kidogo tu, kama kiangazi chochote.

"Mayu," alisema hatimaye, "nakuheshimu. Lakini mwaka ule ulitutoa na ng'ombe wetu kwa maotea. Nikipiga mwano wa bure, siku ya mwizi hakuna atakayetoka."

"Ni kweli niliwatoa bure," Lukresia alijibu. "Nikuulize jambo moja, baba. Ndani ya pori la akiba kuna shamba la pamba?"

"Hakuna. Nani atalima mle?"

"Basi nani anachoma maotea mle? Jana mchana moto ulikuwa mbali. Usiku umetembea nusu ya njia, na usiku upepo hulala. Leo haukulala. Mimi sioni moto wenyewe, naona mahali ulipopita. Naweza kukosea saa. Njia sijakosea, miaka miwili hii nimetembea huko kwa miguu yangu, unajua."

Luhaga alijua. Alikuwa amemwona mara nyingi, mwanamke wa mjini na sketi yake ya kazini, akiinama kuchukua majivu shambani mwa watu. Akamrudishia Elina simu bila kuaga. Akatoka uwanjani, akaweka mikono mdomoni, akapiga mwano.

Ukapokelewa nyumba ya pili, ukapokelewa ng'ambo ya majaruba ya mpunga, ukaenda. Wanaume walitoka na majembe na mapanga, wanawake na ndoo na matawi mabichi, hata wale wa kanisa la Kiinjili waliokuwa kwenye maombi walitoka na viatu vyao vya maombi. Luhaga akawaambia ilivyo, na kwamba habari imetoka kwa Mama Moto. Wachache waliguna. Lakini mwano ukishapigwa kuguna hakusaidii, na walikuwa bado wanaguna wakati harufu ya moshi ilipofika.

Kati ya kijiji na pori kuna mto wa mchanga, ambao kiangazi hauna maji ila ni mpana. Luhaga aliamua wausimamishe moto hapo. Watu wafyeke nyasi za ukingoni, kisha wawashe moto wao wenyewe upande wa pili, uende ukutane na ule unaokuja, ule mkubwa ukose cha kula. Ulikuwa mpango mzuri. Shida yake ilikuwa moja tu: upande wa pili wa mto, peke yake, ilikuwapo ngitili ya Nyanda, nzuri kuliko zote, nyasi za dhahabu zilizofungwa tangu Desemba. Moto wa kukingia ungeanzia humo humo.

Watu walisimama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Nyanda alikuwa ameshuka na kundi lake kulivusha mtoni, akawakuta hivyo, akatazama ngitili yake, akatazama ngitili za wenzake zilizopangana nyuma yao hadi kijijini.

"Aliyesema moto unakuja ni nani?" aliuliza.

"Dada yako," Luhaga alijibu.

"Amesema saa ngapi?"

"Alasiri. Au mapema."

Nyanda ndiye aliyemcheka dada yake kabla ya watu wote. Alitazama mashariki, ambako sasa anga lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa na mwewe walikuwa wanazunguka wakidaka panzi wanaokimbia. Akamwambia mtu wa karibu, "Nipe kiberiti." Akavuka mchanga, akachuchumaa, akaiwasha ngitili yake kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akasogea hatua kadhaa akawasha tena, na tena, mpaka wengine wakapata moyo wakavuka kumsaidia.

Mjini, Lukresia hakujua lolote kati ya hayo. Simu ya Elina ilikuwa inaita bila kupokelewa. Duka lilikuwa na wateja, naye akaendelea kuwahudumia kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya. Alichapa kadi ya harusi akaandika jina la bwana harusi mahali pa bwana harusi na mahali pa bibi harusi pia. Mwenye kadi aliposoma akacheka, na Lukresia, ambaye kwa kawaida angekufa kwa kosa hilo, alimtazama tu. Alikuwa anawaza: kama nimekosea, Luhaga hatanisamehe. Kama sikukosea, wako wapi?

Jua lilianza kwenda magharibi. Akawaomba vijana waliokuwa kwenye kompyuta nyingine waache kidogo ili mtandao uwe mwepesi, nao, kwa kuona uso wake, wakaacha bila ubishi. Akafungua ramani. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari, mstari, ikapita Nassa na ziwa, ikapita mji, ikafika kwenye pori.

Ushanga ulikuwepo, mzito, umekaribia mto. Na mbele yake, ukingoni mwa mto, palikuwa na alama nyingine chache zilizojipanga mstari mfupi, zikitazamana na ule ushanga mkubwa.

Vijana walikuwa wamesimama nyuma yake. "Umeshavuka?" mmoja aliuliza. "Hizi za mbele ndizo zimeingia kijijini?"

Lukresia aliweka rula kwenye kioo. Akapima. Alama za mbele zilikuwa upande wa porini, hazikuvuka mto. Moto wa porini haujipangi hivyo wala haujiwashi mbele ya mwenzake.

"Hizi ni za kwetu," alisema. "Huu wa mbele ni moto wa Luhaga. Wamewahi!" Akageuka akawatazama wote. "Mnaona? Setelaiti imewaona watu wa Mwabalembo."

Elina alipiga simu giza likiwa bado halijaingia, sauti imekauka kwa moshi. Moto ulikuja alasiri na kishindo kama gari moshi, alisema, ukakuta nchi imekwishaungua, ukapungua, ukapungua, ukabaki moshi. Mahali pamoja cheche ziliruka mto zikachoma zizi na mabua ya mahindi ya jirani mmoja, Kwandu, wakauzima moto hapohapo. Hakuna mtu aliyeumia isipokuwa Luhaga, aliyeungua ndevu. Ngitili zote zilikuwa salama isipokuwa moja.

"Ya nani?" Lukresia aliuliza.

Elina akamwambia, na akamwambia nani aliichoma.

Nyanda alikuja mjini siku chache baadaye. Alisimama mlangoni mwa duka, kofia mkononi, masizi bado kwenye kucha. Lukresia alikuwa ameshajiandaa kwa maneno mengi, ya pole na mengineyo, lakini kaka yake akamtangulia.

"Nionyeshe," alisema.

Akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamfungulia ramani ya siku ile. Nyanda alitazama muda mrefu. Akaweka kidole cheusi kwenye ule mstari mfupi wa ukingoni mwa mto.

"Hii ni mimi?"

"Hiyo ni wewe."

"Basi nimeonekana kutoka juu," alisema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Ng'ombe wangu wamegawanywa. Kila mwenye ngitili amechukua wachache mpaka mvua. Luhaga ndiye aliyesema, na hakuna aliyekataa. Sitapoteza hata ndama." Akamgeukia dada yake. "Ilumbu, mwaka ule nilikucheka."

"Ulikuwa na haki. Nilikuwa sijui kusoma."

"Sasa unajua."

"Sasa najua," Lukresia alisema. Hakulipunguza neno hilo hata kidogo.

Tangu hapo, nje ya duka lake alitundika ubao mweusi kama wa shuleni, na kila asubuhi akauandika kwa chaki na mwandiko wake wa uhazili: moto uko wapi, upepo unakwenda wapi, mawingu ya mvua kubwa yanatoka upande gani. Madereva wa magari ya Maswa waliusoma kabla ya kuondoka, maana barabara ile ikinyeshewa vibaya unalala njiani. Afisa mifugo wa wilaya alipita kila siku na kunakili, akayatangaza kwenye redio ya upepo, ile ya mawasiliano ya ofisi yake, na kwenye mikutano alisema wazi habari hizo anazipata wapi. Wavuvi wa Nassa walisikia, wakaanza kumpigia kuulizia dhoruba za ziwani. Kwa hao alikuwa mkweli: "Ziwa sijalitembea kwa miguu. Naona wingu kubwa linatoka kaskazini. Wenye ziwa ni nyinyi, amueni." Nao walimwamini zaidi kwa jibu hilo. Watu wa vijiji vingine vya ukingo wa pori walikuja kujifunza, wawili wawili, na wa kwanza kuhitimu kwake alikuwa Elina, ambaye baadaye alipata kompyuta yake mwenyewe pale dukani, na paneli ya jua juu ya bati.

Mvua zilipoanza mwaka ule, Mwabalembo walimwita. Alikwenda na gauni lake la sikukuu. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani, na Luhaga, ndevu zake zikiwa ndiyo kwanza zinachipua, akasimama kuzungumza. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mwano ni wa anayeona hatari kwanza," alisema. "Kwetu sisi walikuwa wanaume waliokaa ukingoni. Sasa aliyeona kwanza alikuwa amekaa mjini kwenye kiti. Kuanzia leo, mayu Lukresia akipiga simu, ni mwano umepigwa. Asiyetoka atajibu."

Wanawake walipiga vigelegele. Kisha wakamletea mtamba, mwekundu mwenye paji jeupe, kamba mpya shingoni. Lukresia alipokea kamba kwa mikono miwili. Mtu aliyeuziwa ng'ombe na baba yake ili asome, sasa alikuwa anapewa ng'ombe kwa alichokisoma, alitaka kusema hivyo mbele ya watu, lakini akaishia kushukuru tu: "Wabeja. Wabeja sana."

"Mpe jina," Nyanda alisema. "Mimi ndiye nitakayemchunga, lazima nijue namwitaje."

Lukresia akafikiri kidogo, akasema jina. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, maana hawakuwahi kusikia ng'ombe anaitwa hivyo. Lakini Nyanda hakucheka. Alilirudia polepole mara mbili ili limkae ulimini, akachukua kamba, akaingia na mtamba kwenye malisho yaliyokuwa yameanza kuwa kijani, na watu waliobaki uwanjani wakamsikia akimhimiza mbele kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulizoea: "Haya, Setelaiti! Twende!"